Sekunde 99 za Kiarabu kutoka Ibighi

Sekunde 99 ndio muda wote aliokuwa akipewa mshiriki wa shindano la mdahalo la Munathara, taasisi iliyoasisiwa na Belabbes Benkredda, Mjerumani mwenye asili ya Algeria, katika vuguvugu lililofuata mapinduzi ya Tunisia ya mwaka 2011. Utaratibu wake ni mwepesi kuueleza. Mada hutangazwa mtandaoni, kijana hujirekodi kwa Kiarabu akiiunga mkono au akiipinga, huipakia video yake, na watazamaji hupiga kura. Wenye kura nyingi hupewa mafunzo, kisha huketi kwenye mdahalo wa televisheni meza moja na wanasiasa na watu wenye majina. Taasisi hiyohiyo ilishirikiana na televisheni ya taifa ya Tunisia kuandaa midahalo ya wagombea urais ya Septemba 2019, iliyorushwa usiku tatu mfululizo kabla ya uchaguzi. Mgombea mmoja mkubwa, Nabil Karoui, hakufika kwa kuwa alikuwa mahabusu.

Munathara haiko peke yake katika kazi hii. Huko Doha kuna QatarDebate, kituo kilichoanzishwa mwaka 2007, ambacho huendesha mashindano ya kimataifa ya vyuo vikuu kwa Kiarabu na kuwatengea nafasi yao wale ambao Kiarabu si lugha waliyozaliwa nayo. Kwa kijana wa Afrika Mashariki hilo si dogo, maana linaondoa hofu ya kwanza kabisa, ya kushindanishwa matamshi na mtoto wa Damascus.

Chukulia kijana huyo yuko kata ya Ibighi, iliyo katika mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, kusini magharibi mwa Tanzania, kwenye barabara itokayo Mbeya kwenda Kyela. Ni nchi ya ndizi, chai, parachichi na mvua. Ni nchi ya Wamoraviani na Walutheri pia, tangu wamisionari wa makanisa hayo mawili walipofika Unyakyusa mwaka 1891, na kijana wa huko kwa kawaida hujifunza kusimama mbele ya watu kwenye kwaya na kwenye mahubiri ya vijana. Waislamu ni wachache. Kiarabu huingia kwa njia mbili: madrasa, ambako mtoto huanza na alifu na kuishia kwenye kuhifadhi Qurani, na shule za sekondari chache nchini zinazokifundisha kama somo, kwa kuwa Baraza la Mitihani hukitahini katika kidato cha nne. Atakayejaribu shindano la namna hii akiwa Ibighi basi ni mwanafunzi wa madrasa, au aliyesoma nje ya wilaya akarudi likizo.

Mwanafunzi wa madrasa anaingia na mtaji mkubwa. Makhraji yake yamekwisha kunyooshwa na mwalimu: ain, hei na dhadi humtoka bila kujiuma, na anajua mahali pa kusimama na mahali pa kuunganisha. Mashindano ya kuhifadhi Qurani yanayofanyika Dar es Salaam kila Ramadhani yamewatoa vijana wa mikoa mbalimbali wenye sauti za kumtuliza mtu. Lakini kuhifadhi na kushawishi ni kazi mbili. Anayehifadhi husifiwa kwa kutotoka nje ya maandishi hata kwa irabu moja, ilhali anayeshawishi hupimwa kwa yale anayoyasema mwenyewe, na mbele yake kuna mtu ambaye hajakubali. Wengi huteleza hapo. Hutoa video nzuri mno kusikiliza, yenye Kiarabu kilichopambwa, na mtazamaji akiulizwa baadaye mzungumzaji alikuwa upande gani, hana jibu.

Desturi yenyewe ya kubishana kwa utaratibu si ngeni katika Kiarabu. Katika karne ya 10, huko Baghdad, mwanasarufi al-Sirafi alibishana na mwanamantiki Matta bin Yunus mbele ya waziri, ugomvi ukiwa kama mantiki ya Wayunani inamfaa mtu asiyeijua vizuri lugha anayoitumia kufikiria. Karne chache baadaye Shamsuddin al-Samarqandi aliandika risala fupi juu ya adabu za utafiti na mjadala, na fani hiyo ikafundishwa katika madrasa za ulimwengu wa Kiislamu kwa mamia ya miaka. Ndani yake kuna watu wawili, mwenye dai na muulizaji, na muulizaji ana milango mitatu. Anaweza kukataa nguzo mojawapo ya hoja na kudai ushahidi wake. Anaweza kuonyesha kwamba hoja ile ina kasoro, kwa mfano kwamba ikifuatwa hadi mwisho itathibitisha na jambo ambalo mwenye dai mwenyewe halikubali. Au anaweza kuiacha hoja ilivyo, akaleta hoja yake inayofikia tamko la kinyume. Milango hiyo ndiyo *man'*, *naqdh* na *mu'aradha*.

Milango hii ina faida leo kuliko mafunzo mengi ya ufasaha. Muulizaji wa video hayupo chumbani. Yuko Cairo, Nouakchott au Muscat, ameshika simu, na akipata pingamizi lisilojibiwa anapita kwenda video inayofuata. Mwandishi wa sekunde 99 ajiulize kabla ya kuandika neno lolote mtu huyo atapitia mlango upi, kisha aufunge ule mmoja ulio wazi zaidi. Kuifunga yote mitatu haiwezekani kwa muda huo, na wanaojaribu humaliza dakika wakiwa bado wanajitetea.

Wanyakyusa, wenyeji wa Rungwe, nao walikuwa na chuo chao cha mabishano. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyeishi Rungwe katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951, Good Company, vijiji vya marika ambamo wavulana wa umri mmoja walijenga na kukaa pamoja mbali na wazazi, na jinsi mazungumzo baina ya walio sawa yalivyohesabiwa kuwa ndiko akili inakopatikana. Vijiji hivyo vya marika havipo tena kwa sura ile, lakini kanuni yake inafaa kuazimwa: hoja ijaribiwe kwanza mbele ya wenzake wa rika, ambao hawana sababu ya kumstahi msemaji. Mwalimu atasahihisha nahau. Mwenzake atacheka pale hoja inapochekesha.

Tuseme mada iliyotangazwa ni kwamba nchi za Afrika zinazolima chai ziache kuiuza ikiwa kwenye magunia, ziiuze ikiwa imefungashwa tayari kwa mlaji. Mada ya namna hii inamfaa kijana wa Ibighi kuliko mada ya demokrasia au ya akili bandia, na sababu si kwamba ni nyepesi. Anaishi ndani ya ushahidi. Anajua kwamba mchumaji huchuma majani mawili na kichipukizi, kwamba jani bichi lisipofika kiwandani siku ileile huharibika, na kwamba inahitajika karibu kilo tano za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Ameona malori yakielekea kiwanda cha Katumba. Mtazamaji wa Misri, kwa upande wake, ni mnywaji: nchi yake ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai katika mnada wa Mombasa, na sehemu kubwa ya chai inayonywewa huko hutoka Afrika Mashariki. Msemaji na msikilizaji wameshika ncha mbili za kitu kimoja. Mshiriki wa Beirut atakayezungumzia mada hiyo atakuwa amesoma tu.

Kosa la kawaida ni kutaka kuthibitisha mambo manne: kwamba mkulima ni maskini, kwamba ukoloni ndio ulioweka mfumo, kwamba viwanda vitaleta ajira, na kwamba vijana ni taifa la kesho. Kila moja lina haki ya kusemwa na yote kwa pamoja hayathibitishi chochote. Dai lazima liwe moja, tena liwe la aina inayoweza kukataliwa. Kwa mfano: thamani kubwa ya chai huongezwa baada ya gunia kuondoka bandarini, kwa hiyo nchi inayoishia kwenye gunia imejichagulia fungu dogo. Ushahidi wa pili ukihitajika uwe ni wa kusaidia ule wa kwanza.

Mlango ulio wazi katika dai hilo unaonekana upesi na mtu anayeijua biashara. Wafungashaji wakubwa huchanganya chai za nchi mbalimbali ili pakiti iwe na ladha ileile mwaka mzima, na nchi moja ikifungasha ya kwake peke yake haiwezi kutoa mchanganyiko huo. Hii ni hoja ya kweli, na kijana asijifanye haioni. Anaweza kuikubali nusu: kwamba soko la Ulaya litabaki na wachanganyaji kwa muda, lakini soko la nyumbani na la majirani linakunywa chai ya nchi moja bila kulalamika, na mtu huanzia pale anapoweza kuingia. Kukubali nusu ya pingamizi kwa sentensi moja huleta imani zaidi kuliko kulikana kwa sentensi tano. Watazamaji wanaopiga kura huona haraka nani anamwogopa mpinzani wake.

Baada ya hapo ndipo kalamu na saa. Mtu anayesoma Kiarabu fasaha kwa utulivu, maneno mawili kwa sekunde, atamaliza maneno 198 katika sekunde 99, na hapo hajapumua. Maneno 170 ni kipimo cha busara. Kiarabu kina nafuu yake, kwani neno moja hubeba kiunganishi, kitenzi na shamirisho kwa pamoja, ila nafuu hiyo huliwa na desturi ya hotuba. Basmala, hamdala, swala na salamu kwa Mtume, kisha *amma ba'du*: zikisomwa kwa heshima inayostahili, ufunguzi huo huchukua sekunde 20, yaani sehemu ya tano ya muda wote. Aliyelelewa na midahalo ya shule za Tanzania ana mzigo wake mwingine, ule wa mheshimiwa mwenyekiti, katibu, mtunza muda na waheshimiwa wajumbe wote. Bismillahi na salamu moja vinatosha, na yanayobaki yanaweza kusomwa kimoyomoyo kabla ya kubonyeza kitufe. Miongoni mwa wanaosikiliza Kiarabu wamo Wakristo wa Lebanon na Misri pia, na wapiga kura hawakuja kusikiliza hotuba ya Ijumaa.

Sentensi ya kwanza ibebe dai au kitu kinachoonekana. "Kikombe chako cha chai cha asubuhi huenda kilichumwa na jirani yangu" ni mwanzo unaomshika mtu wa Cairo. "Chai ni zao muhimu sana la biashara" haumshiki mtu yeyote.

Tarakimu zinahitaji onyo la peke yake. Katika Kiarabu fasaha, hesabu ndiyo inayomwaibisha msemaji, maana kuanzia tatu hadi tisa namba hukinzana kijinsia na kitu kinachohesabiwa, na miaka huburuta mkia mrefu. Mwaka 1969, ambao mnada wa chai ulihamia Mombasa kutoka Nairobi, ukisomwa kikamilifu ni *sanata alfin wa tis'imiatin wa tis'in wa sittin*, na akibadilisha *sana* kuwa *'am*, tisa nayo inabadilika kuwa *tis'atin*. Sekunde nne zimekwenda na kosa moja limenyemelea. Video moja ina nafasi ya takwimu moja, mbili zikizidi. Ile ya kilo tano kwa kilo moja inatosha, kwa kuwa mtu huiona akilini bila karatasi.

Kuhusu lugha yenyewe, Kiarabu fasaha ndicho kinachomfaa mshiriki asiye Mwarabu. Lahaja za Kimisri au Kishami zilizookotwa kwenye tamthilia huvutia kwa sekunde tano, kisha huanza kuvuja. Hata hivyo fasaha haimaanishi kutamka kila irabu ya mwisho. Watangazaji wa habari wa Kiarabu husimama kwa sukuni, yaani bila irabu, mwishoni mwa kifungu, kanuni ileile ya waqfu ambayo mtoto wa madrasa anaijua tangu juzuu amma. Anayeitumia vizuri huepuka nusu ya makosa ya irabu bila mtu kugundua kwamba aliyakwepa. Anachotakiwa kuacha ni ghuna na madda za tajwidi, yaani sauti ya puani na irabu zinazovutwa. Qurani husomwa kwa tajwidi, lakini chai huzungumzwa. Mazoezi mazuri ni kumweleza mtu mmoja aliyeketi karibu, kwa sauti ya kawaida, hadi lile lahani la msomaji litoke lenyewe. Jina la Rungwe nalo linahitaji maandalizi: msikilizaji wa Kiarabu hajapata kulisikia, kwa hiyo litajwe mara moja, polepole, likifuatwa na mahali, kusini magharibi mwa Tanzania karibu na Ziwa Nyasa.

Kurekodi huko Tukuyu kuna adui mmoja, naye ni bati. Mji uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe, na hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Nyumba nyingi hazina dari. Mvua ikianza, sauti ya mtu ndani ya chumba hupotea kabisa, na hakuna programu ya simu inayoweza kuirudisha. Kuanzia Juni hadi Oktoba hali ni nafuu. Miezi mingine, asubuhi kabla ya saa nne ndiyo ya kuaminika, kwa kuwa mawingu mara nyingi hukusanyika mchana. Chumba chenye kitanda, godoro na nguo zilizotundikwa ukutani hutoa sauti kavu, safi kuliko sebule yenye sakafu ya saruji na kuta tupu, ambako maneno hurudi yakagongana. Hedifoni za bei ndogo zenye kipaza sauti kwenye waya, zikibanwa kwenye ukosi wa shati kwa kibanio cha nguo, hushinda kipaza sauti cha simu iliyowekwa hatua mbili mbele.

Ukungu, ambao wenyeji huuona kero, ni msaada hapa. Mwanga wa dirishani siku ya ukungu ni laini, haumkunji mtu uso wala haumtii vivuli chini ya macho. Mzungumzaji aelekee dirisha, simu ikae katikati yake na dirisha, kwenye usawa wa macho, juu ya rundo la vitabu ikiwa hakuna stendi. Akilipa dirisha mgongo atabaki kivuli kinachozungumza Kiarabu.

Kishawishi cha kurekodi shambani ni kikubwa. Mashamba ya chai ya Rungwe ni mazuri, ya kijani hadi kwenye vilele, na mshiriki hufikiri mandhari yatampigia kura. Shambani kuna upepo unaovuma moja kwa moja kwenye kipaza sauti, kuna bodaboda, na kuna watoto watakaokuja kutazama. Picha ya shamba ikihitajika inaweza kuchukuliwa peke yake bila sauti, sekunde sita au saba za mikono ya mchumaji, kisha ikawekwa juu ya maneno yanayohusu kuchuma. Mchumaji aombwe ruhusa kwanza. Mshiriki aliye chini ya miaka 18 naye awe na idhini ya mzazi au mlezi, kwa sababu uso ukishaingia mtandaoni hautoki.

Kuhariri kuwe kidogo. Muziki wa chini hauna kazi katika video ya hoja, na wa kuokota unaweza kuifanya iondolewe kwa madai ya hakimiliki. Maandishi ya chini yana faida, kwa kuwa watu wengi hutazama wakiwa wamezima sauti, lakini baadhi ya programu za simu hazikiwezi Kiarabu: herufi hutoka zimetengana, zikipangwa kutoka kushoto kwenda kulia, na aliyezoea kuangalia picha tu haoni tatizo. Kila mstari usomwe upya baada ya kuhifadhiwa, tena kwenye simu nyingine. Kichwa cha video kiwe dai lenyewe, kisiwe jina la mshiriki wala la shule yake.

Faili ya sekunde 99 iliyorekodiwa kwa ubora wa juu inaweza kufika MB 200, na bando la siku likaisha kabla haijamaliza kupanda. Ubora wa kati unatosha kwa uso na sauti, na faili hupungua kwa kiasi kikubwa. Wengi hupakia usiku, wakati bando ni rahisi na mtandao haujajaa. Kupakia saa ya mwisho ya siku ya mwisho ni hatari kokote, na katika mji ambao umeme unaweza kukatika mvua ikinyesha, ni hatari mara mbili. Tarehe ya kufunga ihesabiwe kwa saa ya nchi ya waandaaji: Tunis iko nyuma ya Tanzania kwa saa mbili, Doha iko sawa nayo.

Kura ni jambo gumu kulisemea. Mshiriki wa Cairo ana jiji zima la kumpigia; wa Ibighi ana ukoo, darasa na kundi la WhatsApp la msikiti, na wengi wao hawajui alichosema. Kuwaomba kura hao si dhambi, ni sehemu ya mchezo. Kinacholeta kura za wasiomjua ni majibu. Watu wataandika chini ya video, baadhi kwa kejeli juu ya matamshi, wengine kwa pingamizi la maana. Kejeli ipitwe. Pingamizi lijibiwe kwa mistari miwili ya Kiarabu safi, na hapo ile milango ya al-Samarqandi iliyoachwa wazi kwa kukosa muda hupata nafasi yake. Anayejibu vizuri huwafanya wasomaji wa majibu warudi kuitazama video.

Akichaguliwa, sheria hubadilika. Kwenye televisheni hakuna kurudia, hakuna karatasi ya maneno 170, na mpinzani ameketi mita mbili mbele yake, pengine waziri mstaafu anayekijua Kiarabu tangu tumboni. Maandishi ya video hayatumiki tena huko. Atakachokwenda nacho ni daftari la mapingamizi aliyoyakusanya kwa wenzake wa rika na kwa waliomwandikia, kila moja na jibu lake, pamoja na zile kilo tano za majani kwa kilo moja ya chai, ambazo mpinzani wake hana mahali pa kuzikatalia.